Haki ya Kununa: Watazamaji na Sehemu ya Pili ya Wakanda

Mazungumzo yetu leo yanahusu filamu moja, na zaidi ya filamu yenyewe yanahusu watu waliomaliza kuitazama wakanuna. Novemba 2022 ilitoka Black Panther: Wakanda Forever, sehemu ya pili ya ile Black Panther iliyotikisa dunia Februari 2018. Kama kuna filamu ya mashujaa iliyosubiriwa Afrika kwa hamu kubwa, ni hiyo. Trela yake ilipotolewa Julai 2022 ilitazamwa mara milioni 172 katika saa 24 za kwanza. Uzinduzi wake barani Afrika ulifanyika Lagos mwanzoni mwa Novemba, na zulia likatandikwa kama ada. Hatimaye ikafika Soweto. Sisemi Soweto ya Johannesburg. Nasema hii ya kwetu, Moshi, miguuni pa mlima, ambako filamu haziingii kwa zulia. Zinaingia kwenye flashi, zikiwa zimetafsiriwa, na zinaonyeshwa bandani: mabenchi ya mbao, runinga bapa ukutani, sabufa pembeni, pazia zito mlangoni la kuzuia jua, na nje ubao wenye majina ya muvi za siku hiyo kwa chaki, yameandikwa kwa namna ambayo Ryan Coogler, mwongozaji mwenyewe, asingeyatambua. Watu wakatazama. Wapo waliofuta machozi, wapo waliosifu. Lakini kauli iliyotawala, Los Angeles na hata kwenye mabenchi hayo, ilikuwa ileile: ya kwanza ilikuwa kali zaidi.

Mtu anayesema hivyo hubandikwa sababu nyepesi. Ataambiwa amezoea makubwa, ataambiwa hakuelewa, ataambiwa sehemu ya pili siku zote hupwaya na hilo halina dawa. Mimi naona ana hoja, tena nzito kuliko anavyoieleza mwenyewe akiwa amesimama nje ya banda akibishana na wenzake. Mapigano aliyaona, tena mengi. Vichekesho navyo vilikuwepo. Kilichomnunisha ni kwamba sehemu ya kwanza ilimwachia swali kubwa, akangoja jibu miaka minne na miezi tisa, kisha sehemu ya pili ikaligusa swali lile kwa dakika chache, ikaliweka kando na kushika mengine. Hilo ndilo nitakalolitetea jioni hii.

Tuanze na hesabu, maana wapo watakaosema manung'uniko hayo ni ya watu wachache wa vijiweni. Marekani, ambako mapato ya sinema hutangazwa kila wiki, Black Panther ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 202 katika siku 3 za mwanzo. Ya pili iliingiza milioni 181, na ikaweka rekodi ya filamu zilizofunguliwa mwezi wa Novemba. Ukiishia hapo utasema zimekaribiana. Lakini siku 3 za mwanzo hupima matangazo. Aliyenunua tiketi siku hizo hajaona kitu, amenunua trela. Filamu yenyewe hupimwa wiki inayofuata, baada ya walioitazama kurudi nyumbani na kuulizwa na jirani kama inafaa. Mwishoni mwa wiki ya pili ile ya kwanza iliingiza kama milioni 112. Wakanda Forever ilishuka hadi milioni 67 hivi. Mwisho wa yote, ya kwanza ilikusanya Marekani dola milioni 700, ya pili milioni 454. Duniani kote ni kama bilioni 1.35 kwa milioni 859. Yaani huko Marekani mapato ya siku za mwanzo yalizaa karibu mara tatu na nusu yake katika filamu ya kwanza, na mara mbili na nusu katika ya pili. Kampuni ya CinemaScore, ambayo huwauliza Wamarekani mlangoni mwa ukumbi usiku wa ufunguzi, ilipata alama ya A+ kwa ile ya 2018 na A kwa hii ya 2022. A ni alama nzuri. Watu hawakuichukia filamu hii, na atakayesema ilichukiwa anatia chumvi. Hawakurudi kuitazama tena, basi.

Atatokea mtu aseme ni corona: kumbi zilifungwa, watu wakazoea kukaa nyumbani, hakuna filamu ambayo ingefanya kama za 2018. Hoja hiyo ingesimama kama mwaka uleule wa 2022 isingetoka Top Gun: Maverick. Nayo ni sehemu ya pili, tena ya filamu ya 1986, iliyochelewa miaka 36. Ilifunguliwa mwezi Mei kwa dola milioni 127 hivi katika siku 3, chini kabisa ya Wakanda Forever, na ikamaliza na takriban milioni 719 nchini Marekani. Hiyo ni zaidi ya mara tano na nusu ya mwanzo wake. Corona ilikuwa ileile na kumbi zilikuwa zilezile. Watazamaji walikwenda, wakarudi, wakawapeleka na wazazi wao. Siipendi sana filamu ile, ni sifa za jeshi la Marekani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini ilimpa mtazamaji kile ilichomwahidi, na mtazamaji akalipa mara ya pili.

Pingamizi zito zaidi ni la msiba, nalo lataka heshima. Chadwick Boseman, aliyekuwa Mfalme T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Ugonjwa alikuwa ameuficha hata kwa wengi aliofanya nao kazi. Coogler alibaki na hadithi isiyo na mwenyewe. Kampuni ya Marvel ikaamua kutomweka mwigizaji mwingine mahali pake, na hadithi ikaandikwa upya kumzunguka marehemu. Wapo wanaouliza: filamu iliyotengenezwa katika hali hiyo unaidaije? Tena kwa kanuni za banda la video, stelingi hauawi. Anapigwa, anatoka damu, anaanguka ghorofani, lakini mwisho anasimama. Hapa stelingi anakufa dakika za mwanzo, hata hatumwoni, tena kwa maradhi, bila adui wa kulipiziwa kisasi. Ndiyo maana wengine hueleza huzuni yote ya watazamaji kwa kusema walimkosa T'Challa, na huko Marekani kulikuwa na kampeni ya kutaka apatikane mwigizaji mwingine wa kuibeba nafasi hiyo.

Mimi siafiki. Sehemu ya msiba ndiyo iliyopokelewa vizuri kuliko zote. Watu wamevaa nyeupe, ngoma zinapigwa, jeneza linapita katikati ya umati unaocheza na kulia kwa wakati mmoja: hapo hakuna mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyehitaji mkalimani. Angela Bassett, aliyeigiza Malkia Ramonda, mama aliyefiwa na mume kisha na mwana, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya 2023, na hakuna mwigizaji aliyewahi kuteuliwa kwa uigizaji katika filamu ya Marvel Studios kabla yake. Kama kasoro ingekuwa msiba, sifa zisingekwenda kwa aliyeubeba msiba. Watazamaji waliridhia kifo cha stelingi. Walichokuwa wanasubiri baada ya matanga ndicho ambacho hakikuja.

Kabla sijafika huko, nijibu swali la nani ana haki ya kulalamika, kwa sababu hulitaja hata watu wenye nia njema. Wanasema mtazamaji wa bandani hakununua tiketi ya Disney, kwa hiyo anuneje? Twende taratibu. Filamu hii iliwekwa kwenye huduma ya Disney+ tarehe 1 Februari 2023, na wakati huo huduma hiyo haikuwa ikipatikana Tanzania. Kumbi za kisasa zipo katika miji michache, na kiingilio chake kwa familia moja ni bajeti ya siku kadhaa. Kinachobaki ni banda na fundi wa kuingiza muvi kwenye flashi. Sitasema biashara hiyo ni halali. Sheria ya hakimiliki inaeleweka, na anayenakili kazi ya mtu bila idhini amevunja sheria hata kama anapendwa na mtaa mzima. Lakini mtazamaji aliyekaa kwenye benchi ametoa kiingilio chake mlangoni na ametoa jioni yake, na filamu hii ni ya saa 2 na dakika 41. Kosa la mnakili halimwondolei mtazamaji akili ya kupima alichokiona.

Na akili hiyo ina historia. Mwaka uleule wa 2018 ilipotoka Black Panther, mwanahistoria Laura Fair alichapisha kitabu chake Reel Pleasures kuhusu watazamaji wa sinema katika miji ya Tanzania ya karne iliyopita. Watu wanaoonekana humo wanaitazama Awara, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor, zaidi ya mara moja, wanarudi mtaani wakiisimulia, wanaigeuza kipimo cha mapenzi, cha baba na mwana, cha haki na hatima. Filamu ilikuwa jambo la kujadiliwa kwa siku nyingi. Kumbi zile zilipokufa na kanda za video zikashika nafasi, akaja Derek Gaspar Mukandala, yule tunayemjua kwa jina la Lufufu, akawa anasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya wahusika. Leo wanaofuata nyayo zake ni kina DJ Mack na DJ Murphy. Msimuliaji wa aina hiyo hufanya zaidi ya kutafsiri. Humwita mhusika jina la mtaani, humcheka, humwonya adui anapotaka kuingia chumbani, huuliza kwa sauti kile ambacho mtazamaji anakiuliza moyoni. Msikilizaji, mtu aliyelelewa na sinema ya namna hiyo hawezi kuambiwa akae kimya, ale bisi, ashukuru. Amezoea hadithi kuhojiwa ikiwa bado inaendelea.

Sasa swali lenyewe. Black Panther ya kwanza ilikuwa na adui ambaye nusu ya ukumbi ilimwonea huruma. Killmonger, kijana aliyekulia Oakland, Marekani, anaingia Wakanda akiuliza jambo moja: nchi yenye utajiri na silaha kiasi hiki ilikuwa wapi wakati watu weusi wa dunia nzima wanateswa? T'Challa anamshinda kwa mkuki, lakini kwa hoja anashindwa, na anakiri kushindwa kwa vitendo. Mwisho wa filamu anakwenda Oakland kununua majengo ya kuwahudumia watu wa kule, kisha anakwenda Umoja wa Mataifa kutangaza kwamba Wakanda haitajificha tena. Hapo filamu ikaisha. Mtazamaji akabaki na maswali ya kiutu uzima. Nchi ikifungua mlango, nani ataingia kwanza? Madini yatauzwa, yatagawiwa, au yataibwa? Na wakubwa wa dunia watakapoyataka, Wakanda itafanya nini?

Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa vibranium kwa kirefu. Ni madini yanayosemwa kupatikana mahali pamoja tu duniani, kila mtu anayataka, na wenye nayo wanashindwa kuamua kama wayazungushie ukuta au wayafungulie mlango. Mererani ipo upande wa pili wa uwanja wa ndege wa KIA. Tanzanite inachimbwa hapo na si kwingine popote chini ya jua. Septemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza machimbo yale yazungushiwe ukuta. Jeshi likaujenga, kilomita 24.5, na ukazinduliwa tarehe 6 Aprili 2018, wiki 7 kamili baada ya Black Panther kutoka Marekani. Hakuna aliyepanga mambo hayo yakutane. Lakini yalikutana, na kijana wa Soweto mwenye ndugu au rafiki mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, alikuwa akiitazama Wakanda huku akisikia habari za geti, za kupekuliwa, za nani anafaidika na nani anabaki na vumbi. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na nchi nzima ikashangilia. Ukuta unaotetewa kwa hoja ya kuzuia wizi unalalamikiwa kwa hoja ya kumbana mnyonge. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake. Swali la Killmonger kwa wasikilizaji wa hapa halikuwa la kubuni hata kidogo.

Ajabu ni kwamba sehemu ya pili ilianza vizuri mno kulijibu. Baada ya msiba, Malkia Ramonda anasimama Geneva mbele ya mataifa yanayomlaumu kwa kutogawa vibranium. Wakati wanasema, walinzi wake wanaingiza askari waliofungwa mikono, waliokamatwa wakivamia kituo cha Wakanda huko Mali ili waibe. Wafaransa. Mjumbe wa Ufaransa anakosa pa kuangalia. Ni onyesho la dakika chache, na katika filamu nzima sijaona lenye nguvu kulizidi. Halafu Wamarekani wanapeleka mashine baharini kutafuta vibranium kwingine, na hapo wanaigusa Talokan, milki ya chini ya maji ya watu wenye asili ya Wamaya waliowakimbia Wahispania na ndui yao katika karne ya 16. Kiongozi wao ni Namor. Fikiria hapo mtunzi ana mkononi nini: jamii mbili zilizoumizwa na wakoloni, zote zina madini, zote zimejificha, na wanaozitafuta ni walewale.

Kisha zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Namor anataka msichana wa Kimarekani aliyebuni mashine ya kutafuta madini auawe; Wakanda inakataa; Namor anaifurika Wakanda kwa maji na Ramonda anafia humo; binti yake Shuri anavaa vazi la Black Panther na kumtafuta Namor amuue. Watu wa Talokan wanakufa, watu wa Wakanda wanakufa. Walioleta mashine baharini wako wapi? Mwanamke mmoja wa CIA, Valentina, anaonekana kidogo akimkamata mwenzake. Wafaransa waliofungwa mikono hatuwasikii tena. Mwishoni Shuri anamwacha Namor hai, na Namor anamweleza binamu yake kwamba vita na watu wa nchi kavu itakuja tu, na siku hiyo Wakanda itawahitaji. Vita yenyewe, ile ambayo filamu iliifungua Geneva, imeahirishwa hadi sehemu nyingine, kwa tiketi nyingine. Mtazamaji anatoka nje, anasema ya kwanza ilikuwa kali. Anasema pia Namor hakuwa adui wa kumchukia. Ni kweli hakuwa, kwa sababu adui alikuwa mwingine na filamu ilimwacha aondoke.

Watetezi wa filamu wana jibu hapa, na ni jibu la maana: kwamba hiyo ndiyo historia yenyewe, kwamba wanyonge wamegombanishwa mara nyingi na bwana akavuna, na kwamba Shuri kukataa kisasi ndilo fundisho. Ningelikubali kama filamu ingetuonyesha anayegombanisha akivuna. Haikutuonyesha. Ugomvi wa Talokan na Wakanda unazuka kwa hasira ya Namor na huzuni ya Shuri, na unaishia kwa huruma ya Shuri, kana kwamba lote lilikuwa suala la nyoyo mbili kupoa. Siasa ya Geneva iligeuka kuwa saikolojia.

Wengine watasema, bwana wee, ni burudani tu, mbona unaibebesha mzigo wa dunia? Swali hilo limeshajibiwa na mtazamaji mmoja ambaye hakuketi bandani. Februari 2023, Sébastien Lecornu, akiwa waziri wa majeshi wa Ufaransa, alitoa tamko la kulaani filamu hii. Alikerwa na lile onyesho la Mali, ambamo askari wale walivaa sare zinazofanana na za kikosi cha Barkhane, kile cha Ufaransa huko Sahel, akakumbusha kwamba askari 58 wa Ufaransa walikufa Sahel wakiilinda Mali dhidi ya magaidi. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameondoka Mali Agosti 2022, miezi michache tu kabla ya filamu kutoka, na hayakuondoka kwa kupungiwa mikono. Waziri wa taifa lenye silaha za nyuklia aliacha kazi nyingine akaihoji filamu ya mashujaa. Alijua kwamba picha ina uzito. Kama waziri wa Paris ana haki ya kunung'unika kwamba dakika zile za mwanzo zilisema mengi mno, mchimbaji wa Mererani ana haki ya kunung'unika kwamba dakika zote zilizofuata zilisema machache mno.

Lipo pia lile la shukrani. Tumeonekana, wanasema, tushukuru. Na kweli tumeonekana. Ruth E. Carter aliyebuni mavazi amesema wazi kwamba askari wanawake wa Wakanda waliazima wekundu na shanga kutoka kwa Wamasai. Misitu na milima inayoonekana kutoka angani katika filamu ya kwanza, mingine ni ya Uganda, Bwindi na Rwenzori. Lupita Nyong'o ni mtoto wa Kenya, na Februari 2018 mji wa Kisumu, alikokuwa akitawala baba yake kama gavana, ulipata uzinduzi wake wenyewe. Florence Kasumba, anayemwigiza Ayo, alizaliwa Kampala. Carter alipata Oscar kwa filamu zote mbili, 2019 na 2023, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupata mbili kabla yake. Katika muziki wa sehemu ya pili Wanigeria walijaa: Tems, Burna Boy, Rema, Fireboy DML, CKay. Sisi huku tulibaki kuhesabu shanga, lakini hilo ni la wasanii wetu na mameneja wao kulitafakari, halimhusu Coogler. Shukrani nazitoa. Ila shukrani kwa kuonekana ilikuwa kazi ya 2018. Mtu aliyekwisha kuonekana anataka kusikilizwa, na ukimwambia arudie kushukuru kwa jambo lilelile unamrudisha alikotoka.

Nitawapa watetezi jambo moja bila ubishi. Filamu hii iliachwa mikononi mwa wanawake kuliko filamu yoyote kubwa ya mashujaa niijuayo: malkia, binti yake, jemadari, jasusi, mwanafunzi mvumbuzi. Wasichana wengi waliipenda kwa sababu hiyo na hawakuhitaji sababu nyingine. Anayeikosoa filamu kwa kuwa Shuri si mwanamume hana nafasi katika mazungumzo haya, na manung'uniko yake nisingependa yachanganywe na haya ninayoyatetea.

Wanaoisubiri sehemu inayofuata hawatangoja sana. Avengers: Doomsday imetangazwa kutoka Desemba 2026, na katika orodha ya waigizaji wamo Letitia Wright, Winston Duke na Tenoch Huerta, yaani Shuri, M'Baku na Namor. Coogler naye amethibitisha kwamba ataendelea na Black Panther ya tatu. Trela zitakuja, namba za watazamaji zitatangazwa, na tutaambiwa tena kwamba hakuna kama hii. Ombi langu ni kwa wenye mabanda ya Soweto, ya Majengo, ya Pasua na kwingineko: muvi ikiisha, msiwaharakishe watu kutoka ili waingie wa zamu inayofuata. Zimeni sabufa kwa dakika kumi, waacheni wabishane humohumo ndani. Na ninyi mnaotafsiri, mkifika kwenye onyesho kama lile la Geneva, punguzeni utani kidogo, watu wasikie.